Kofia Iliyoota Mpunga

Mimi si mtu wa kunyamaza, na wanaonijua hapa Lipangalala, Ifakara, watakuambia hivyo kabla hujawauliza. Kwa hiyo jioni ile mwanangu Restituta aliporudi kutoka mazoezini, akala wali wake, akanawa mikono, kisha akaniuliza, "Mama, leo tumekula?", sikuona sababu ya kunyamaza. Nilimwambia tumekula. Akatoa vyombo nje, akarudi, akauliza tena. Alipouliza mara ya tatu nilimgeukia baba yake na kumwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya wanajumuiya wenzangu.

Baba yake ni Fulgensi, mume wangu. Mchana anachomelea mageti na madirisha, jioni anafundisha ngumi. Klabu yake ni banda la bati nyuma ya nyumba yetu, lenye mfuko wa mchanga, kamba nne na vijana wenye jasho. Mwanafunzi wake mzuri kuliko wote ni binti yetu, na hilo silisemi kwa upendeleo wa mama; hata wanaomchukia wanalisema. Siku ile alikuwa akipimana nguvu na rafiki yake Dativa. Dativa akarusha konde la pembeni, likamkuta shavuni, kichwa kikageuka kama mlango uliosukumwa na upepo. Alikuwa amevaa kofia ya ngumi, ile ya ngozi inayofunika mashavu na masikio. Fulgensi aliniambia hivyo mara nyingi njiani tukienda hospitali, kana kwamba kofia ingetujibia maswali ya daktari.

Daktari alikuwa dada mmoja kijana anayeitwa Omega. Alimpima Restituta macho, akamwambia asimame kwa mguu mmoja, akamuuliza siku na mwezi. Alipomaliza alitutuliza, akasema atapona, ila apumzike na asirudi ulingoni mpaka yeye atakaporuhusu. Mimi nikamuuliza, na ile kofia ina kazi gani basi?

"Inazuia nyusi kupasuka na sikio kuchanika, mama," akasema. "Lakini ubongo haujapigiliwa misumari kwenye fuvu. Unaelea. Kichwa kikigeuzwa ghafla, fuvu linatangulia, ubongo unachelewa, halafu unalifuata kwa nguvu. Pale ndipo panapoumia, na kofia hizi hapo zinasaidia kidogo sana."

Niliogopa. Nasema wazi kwamba niliogopa, kwa sababu nina mtoto huyo mmoja na akili yake ndiyo inayonichekesha kila siku. Tulipofika nyumbani nikaapa mbele ya picha ya Bikira Maria kwamba Restituta havai glovu tena mpaka ipatikane kofia ambayo nitaivaa mimi mwenyewe, nipigwe mimi mwenyewe, na kichwa changu kibaki mahali pake.

Fulgensi akacheka. Aliona nimekataa kwa lugha ya mzunguko, na kusema kweli hata mimi niliona hivyo. Restituta hakucheka. Baada ya mavuno kungekuwa na bonanza la ngumi Mang'ula, na huko angekutana na binti wa Kidatu aliyemshinda kwa pointi mwaka uliopita. Tangu siku hiyo alikuwa akilitaja jina la binti huyo hata kwenye sala ya chakula. Alipopata nafuu aliingia kwenye kibanda changu cha kazi, akaiweka ile kofia ya zamani juu ya cherehani.

"Mama, umeapa. Basi tengeneza."

Nieleze kwamba mimi ni fundi wa siti za bodaboda. Waendesha bodaboda wengi wa Ifakara wanakalia kazi ya mikono yangu. Sponji nazijua: ipi inakaa miaka mingi, ipi inalala baada ya abiria wawili wanene. Nikaipasua ile kofia kwa wembe. Ndani sponji ilikuwa imekauka na kumeguka vipande vipande kama mkate wa juzi. Nikasema, kumbe ni hili tu.

Nikaweka sponji mpya, tena nene. Restituta alipoivaa hakuona mbele, shingo ikamlemea, na vijana wakamuuliza kama amehamia ndani ya godoro. Niliitupa.

Wazo la pili ndilo lililonipa jina mjini. Dada yangu Klementina anaishi Masagati, huko mbele ya Mlimba, na kila akipata mtu wa kumtuma huniletea mayai ya kienyeji. Anayapanga kwenye ndoo na kuyafukia kwa pumba za mpunga. Barabara ya Masagati anayeijua anaijua. Binadamu anafika ameshika kiuno. Lakini mayai ya Klementina yanafika mazima. Siku hiyo nilikuwa nikiyafukua moja moja, nikasimama na yai mkononi. Nikajiambia, kama pumba zinalinda yai njia yote ile, zitashindwaje na fuvu?

Pumba Ifakara si kitu cha kutafuta. Nikaenda kwenye mashine ya kukobolea, nikajaza mfuko, nikashona kofia yenye vifuko vidogo vidogo vilivyoshindiliwa pumba. Nikaweka yai ndani ya kofia, nikaining'iniza, nikamwita Fulgensi aipige. Akapiga, kofia ikaruka huku na huku. Tukalitoa yai, zima. Akapiga tena kwa hasira ya kocha, bado zima. Nililishika yai lile juu kama padre, nikazunguka nalo uani nikicheza. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji: kufika jioni nilishaanza kuwaambia wateja wa siti kwamba nitafungua kiwanda.

Vijana wakaitumia kofia hiyo mazoezini, wakaisifu, wakaitia jasho. Ikaanza kunuka. Nikaifua, nikaianika kwenye ukingo wa baraza. Halafu ikaja mvua ya masika, ile isiyoaga, na mimi nilikuwa na siti nyingi za kumaliza. Nikaisahau pale chini ya mchirizi wa bati.

Aliyekuja kuiona kwanza ni mimi. Kuku walikuwa wameizunguka, wanadonoa. Nikawafukuza, nikainama, nikaona vijani. Kwenye kila tundu la mshono palikuwa pametoka jani jembamba, la kijani kibichi, limesimama wima. Kwenye pumba za mashine hazikosekani punje ambazo hazikukobolewa, na mtoto yeyote wa bonde hili angenikumbusha hilo kama ningeuliza. Punje zimepata maji, zimepata joto, zikafanya kazi yake. Kofia ya mwanangu ilikuwa imeota mpunga.

Restituta alicheka mpaka akakaa chini. Nilifurahi kumwona akicheka hivyo, nikakasirika pia, vyote kwa pamoja. Kabla sijamkataza alishaipiga picha na kuirusha kwa wenzake kwenye simu, na picha za simu hazingoji ruhusa. Kesho yake waendesha bodaboda walikuwa wakipita polepole mbele ya kibanda changu. "Mama Resti, palizi lini?" Mwingine akaniuliza kama nimepata mbolea ya ruzuku.

Picha ikafika Mang'ula, kwa wifi yangu Mariana, dada yake Fulgensi. Huyu ni mwanamke mwenye mikono ya kutwanga na mdomo wa kutwanga vilevile. Mwingine angepiga simu kunipa pole. Mariana alipanda gari akaja, na aliposhuka alikuwa amebeba mundu na gunia tupu.

"Nimekuja kuvuna," akasema. "Shamba liko wapi?"

"Shikamoo shangazi," Restituta akamwamkia, huku machozi ya kicheko yakimtoka.

"Marahaba, binti wa mkulima."

Alikaa kwetu siku kadhaa, na kila siku alikuwa na jipya. Jioni moja, tukichambua mboga, akanigusa pabaya zaidi. "Na hayo mayai yako ya Masagati unayoyasifia, wifi. Ulinipa mwaka jana nikamwekea kuku wangu. Alilala mpaka akakonda. Hakikutoka hata kifaranga kimoja, yote viza. Nilipoyavunja ndani yalikuwa yamevurugika kama uji."

Nilimjibu kwamba hata kuku amemkataa kwa roho yake mbaya. Lakini maneno yake hayakunitoka. Ganda lilikuwa zima, ndani kumetikisika. Ndivyo alivyosema Daktari Omega, kwa maneno mengine, na mimi nikaenda kushangilia ganda. Nilitupa majani ya mboga nikabakiza vikonyo, hata Fulgensi akaniuliza kama ninaumwa.

Kesho yake asubuhi nilikuwa barazani nikiweka uzi kwenye cherehani. Mariana alikuwa anarudi kutoka bombani na ndoo ya maji kichwani, juu ya kata, ile pete ya kitenge kilichoviringishwa. Maji yalikuwa yamejaa hadi ukingoni. Nikaona nafasi ya kulipa kisasi.

"Wifi, mbona unatembea kama bata aliyeshiba?"

Mariana hakusimama. Aligeuza shingo, akanitazama usoni, akanipa jibu refu lililohusu miguu yangu, mama yangu mzazi na siku niliyoposwa. Lakini mimi sikulisikia lote, maana macho yangu yalikuwa juu. Kichwa chake kilikuwa kimegeuka kunitazama, na ndoo haikuwa imegeuka. Kata ilikuwa imeteleza taratibu juu ya kitambaa alichojifunga kichwani, ndoo ikabaki inatazama ilikokuwa inakwenda, na maji hayakutikisika.

"Rudia," nikasema.

"Nirudie matusi?"

"Rudia kugeuka."

Alidhani nimechanganyikiwa, akarudia ili aone mwisho wake. Kichwa huku, ndoo kule, maji yametulia. Nimebeba maji tangu nina meno ya utoto, nimefanya hivyohivyo maelfu ya mara, na sikuwahi kujiona. Nilimkumbatia pale njiani. Hapo ndipo maji yakamwagika, yakatulowesha wote wawili, naye akanitukana upya.

Nilichofanya baada ya hapo ni kuigeuza kata. Kwa Mariana kichwa kinageuka na mzigo unabaki. Mimi nilitaka kofia igeuke na kichwa kibaki. Kofia zetu zote zilikuwa zinafungwa zikabana kichwa, kwa hiyo konde likigeuza kofia linaondoka na kichwa. Nikachukua satini ya kutilia suti bitana, nikashona vipande viwili vinavyotazamana upande wa utelezi, nikanyunyiza poda ya mtoto katikati. Kipande cha ndani kinakaa kichwani, cha nje kinashika kofia, na vinaungana kwa lastiki tu, ili kofia iteleze kidogo kisha irudi. Juu yake nikaweka sponji laini, na juu ya hiyo sponji ngumu ya siti ya pikipiki, ile ya kubeba mishikaki, abiria watatu kwa mpigo. Nilishona nikafumua, nikashona nikafumua. Lastiki ikilegea, kofia inamfunika mtu macho. Ikikaza, tumerudi kulekule.

Iliyonipendeza nikaipeleka kwa Daktari Omega. Aliivaa juu ya nywele zake zilizosukwa, akajigonga kwa kiganja huku na huku, akacheka. Akauliza nimeipata wapi akili hiyo. Nikamwambia kwenye matusi ya wifi yangu.

"Hii ni bora kuliko zile, naona," akasema. "Lakini nisikilize, mama. Hakuna kofia inayozuia yote. Wapunguze kupigana vichwani kwenye mazoezi, na akiyumba mtu, siku hiyo imekwisha kwake." Akamwandikia Restituta ruhusa ya kurudi. Maneno ya daktari nilimfikishia Fulgensi yote, na mengine ya kwangu nikaongeza. Alinung'unika kidogo, kisha akawatangazia vijana kwamba makonde ya kichwa ni siku moja tu kwa wiki, na atakayepinga aende akapinge kwa mke wake, yaani kwangu.

Kilichobaki kilikuwa kiapo changu.

Tulichagua Jumapili baada ya misa ya pili. Nilipika ubwabwa na kambale wa kukaanga, tukala wote uani, vijana wa klabu na majirani, na Daktari Omega ambaye alisema hajaruhusu jambo hili ila amekuja ili awepo. Kisha nikavaa kofia, nikapiga moyo konde, nikasimama katikati ya kamba.

"Haya. Nani ananipiga?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Sote hatukuwa tumelifikiria. Fulgensi alirudi nyuma hatua nzima. "Mimi nimpige mke wangu hadharani? Kesho niko kwa mwenyekiti wa mtaa, kesho kutwa kwa paroko." Nikamtazama Restituta. Alitikisa kichwa, mikono nyuma. "Mama, siwezi. Mkono utanikauka." Nikamwita Dativa, maana konde lililoanzisha haya yote lilikuwa lake. Alipiga goti. "Shikamoo mama. Nisamehe, siwezi." Vijana wote pale waliniita mama, na kila niliyemtazama akatazama chini.

Banda likapoa. Nikaona uso wa mwanangu ukianza kuanguka. Kofia ilikuwepo, mama alikuwepo, ruhusa ya daktari ilikuwepo, na bonanza la Mang'ula lilikuwa linataka kufia kwenye adabu. Ningeweza kuifuta ahadi yangu kwa neno moja, lakini nimeapa mbele ya Bikira Maria, na zaidi ya hapo nilikuwa bado naogopa. Bila kulionja konde lile mwenyewe nisingemwachia kichwa chake.

"Jamani," sauti ikatoka kwenye mkeka, "mnahangaika nini na mimi nipo?"

Mariana alikuwa anajifuta mafuta ya kambale vidoleni. Watu wakageuka, wakaelewa, kicheko kikaanza kama mvua inavyoanza juu ya bati. Wifi ni mtani wangu halali. Siku ya harusi yangu alinimwagia unga. Msibani kwa baba yangu alivaa koti la marehemu akadai chai akiiga sauti yake, na waliokuwa wanalia wakajikuta wanacheka. Kama kuna mkono mmoja duniani unaoweza kunipiga bila laana wala kesi, ni ule.

"Wifi," akasema huku Dativa akimfunga glovu, "nimeingoja siku hii tangu mlipooana."

"Shavuni, dada, si puani," Fulgensi akamwelekeza. Jasho lilikuwa linamtoka. "Na usitumie nguvu zote."

"Wewe nyamaza. Kutwanga umenifundisha wewe?"

Alinyanyua mkono kutoka chini kabisa, kule mchi unakotokea. Niliuona unakuja. Nilisema Salamu Maria nikafika neno la tatu.

Konde lilitua kwa kishindo cha mto wa kulalia uliopigwa ukutani. Kofia ikateleza, nikauona ukingo wake ukipita mbele ya jicho langu, ikaenda, kisha lastiki ikairudisha. Na mimi nilikuwa bado namtazama Mariana. Nilimwona vizuri, na meno yake yote. Shavu lilipata joto, shingo ikajua kwamba kuna kitu kimepita, lakini kichwa kilikuwa pale nilipokiacha. Miguu ndiyo iliyonisaliti. Iliogopa ikiwa imechelewa, nikakaa chini kwenye mchanga.

Daktari Omega akaanza kuja. Mariana alishika mdomo kwa glovu zote mbili. Lakini Restituta ndiye aliyefika kwanza. Alipiga magoti mbele yangu, akanishika mikono, akanitazama machoni kama nilivyomtazama yeye jioni ile ya kwanza.

"Mama," akasema, "leo tumekula?"

Nilimwacha angoje kidogo. Nilistahili hilo.

"Tumekula ubwabwa na kambale," nikamjibu, "na vyombo ni zamu yako tangu jana."

Sijui nani alipiga kelele kwanza. Fulgensi alininyanyua juu kama mshindi wa mkanda, vijana wakapiga ndoo, na Mariana akalia kwa furaha kisha akadai nafasi ya mara ya pili. Daktari alinimulika macho, akaniuliza mwezi, akaniuliza jina la wifi yangu. Nilimpa majina yote ninayomwitia, akasema niko mzima.

Restituta alikuwa amenyoosha mikono apewe kofia. Nikaivua, nikaikumbatia.

"Hii ni saizi ya kichwa changu," nikamwambia. "Lete tepu."

Alikimbia kibandani akarudi nayo, akapiga magoti tena na kuinamisha kichwa. Nilimzungushia tepu juu ya nyusi, nikaipitisha nyuma ya masikio, nikazikutanisha ncha zake kisogoni. Namba niliiona mara moja. Lakini niliendelea kumshika pale, muda mrefu kuliko fundi yeyote anavyohitaji, na yeye hakuinua kichwa.